Alama ya bomu la 1952 imeyeyuka Kilimanjaro. Sisi wa Sabaki inatuhusu nini?

Msomaji wa Pwani, tuanze na hesabu ndogo ya darasa la nne. Mwaka 2000 watafiti wakiongozwa na Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, walipanda Kilimanjaro wakatoboa barafu ya kileleni mahali sita. Walichotoa ni nguzo nyembamba za barafu, iliyo ndefu zaidi ikiwa na takriban mita 50. Mita 1.6 tu chini ya uso wa barafu walikuta alama ya majaribio ya bomu yaliyofanywa mwaka 1952 katika visiwa vya Marshall, katikati ya bahari ya Pasifiki. Mwaka 2009 watafiti hao walitoa taarifa nyingine: barafu iliyopotea juu ya mlima tangu watoboe inakadiriwa kufika mita 2.5.

Sasa toa 1.6 katika 2.5. Jibu ni kwamba ile alama haipo tena. Imekwenda na barafu iliyoibeba.

Wengine watasema, afadhali, uchafu wa bomu umeondoka. Lakini jambo lenyewe si hilo. Ile alama ilikuwa tarehe. Mlima ulikuwa na daftari lake, na ukurasa wa juu ulikuwa na mwaka ulioandikwa wazi. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Makala haya yanaeleza daftari hilo linaandikwa vipi, kwa wino gani, na kwa nini sisi tunaokaa Malindi, Watamu, Mambrui na Kilifi, tusioona theluji maisha yetu yote, tuna fungu letu ndani yake.

Weupe ulioitwa baridi

Habari ya theluji ya Kilimanjaro ilitoka kwetu kwenda Ulaya. Johannes Rebmann, Mjerumani aliyekuwa mmishonari wa shirika la Kiingereza, aliondoka Rabai, katika kaunti yetu hii ya Kilifi, mwishoni mwa Aprili 1848. Tarehe 11 Mei aliuona mlima wenye weupe kileleni. Alipomuuliza mwongoza njia wake, yule hakuwa na jina la kitu kile. Alisema tu ni baridi. Na neno hilo lilitosha. Mwaka uliofuata, Desemba 1849, mwenzake Ludwig Krapf, aliyetoka Rabai vile vile, aliuona Mlima Kenya akiwa Ukambani.

London kulikuwa na wakubwa wa jiografia ambao hawakukubali. William Desborough Cooley, mtu aliyeandika habari za Afrika bila kufika bara, aliwacheka. Theluji karibu na ikweta? Haiwezekani. Ilichukua miaka zaidi ya kumi mpaka msafara wa Karl Klaus von der Decken ulipopanda sehemu ya mlima, mwaka 1861 na 1862, na kuthibitisha kuwa yule wa Rabai hakuota.

Kuna uhusiano mwingine ulio karibu zaidi ya historia. Mto Tsavo huanzia upande wa Kilimanjaro, ukakutana na Mto Athi unaotoka nyanda za juu karibu na Nairobi. Vikishaungana, mto huitwa Galana, na ukikaribia kwetu huitwa Sabaki, ukamwaga maji yake baharini kaskazini ya mji wa Malindi. Maji ya Baricho, ambayo ndiyo tegemeo la mabomba ya Malindi na Kilifi, hutolewa kando ya mto huo huo. Tusidanganyane: maji mengi ya mto ni ya mvua na chemchemi, si ya barafu iliyoyeyuka. Barafu ya kileleni ni ndogo mno kulisha mto. Thamani ya barafu ile kwetu ni kumbukumbu: imeandika mvua na ukame wa eneo hili kwa miaka mingi kuliko kitabu chochote.

Wino wa mbinguni na pumzi ya ardhi

Neno lenyewe linatisha, kwa hiyo tuliseme mapema: wino wa daftari hilo ni vitu vyenye mnururisho. Yaani atomi ambazo hazikutulia, ambazo hutoa miale kidogo kisha hugeuka kuwa kitu kingine. Watu wengi hapa wakisikia neno mnururisho hufikiria Hiroshima, Chernobyl au Fukushima. Lakini sehemu kubwa ya mnururisho unaotuzunguka ni wa asili, na ulikuwako kabla ya binadamu wa kwanza kukanyaga ufuo.

Unatoka sehemu mbili, juu na chini.

Wa juu huletwa na miale inayotoka anga za mbali. Chembe zake huja kwa kasi kubwa sana, zikagonga hewa yetu kilomita nyingi juu ya vichwa vyetu. Zikigonga atomi za nitrojeni na oksijeni huzivunja, na katika vipande hivyo huzaliwa vitu vipya: berili 7, berili 10, na kaboni 14. Zikigonga gesi ya argoni huzaliwa klorini 36. Vitu hivi ni vichache mno. Berili hunasa kwenye vumbi la angani, kisha mvua au theluji hulishusha. Kaboni 14 huingia kwenye hewa ya ukaa, ikaliwa na majani, ikaliwa na mbuzi, na mwisho ikaliwa nasi.

Wa chini hutoka mawe na udongo. Kila udongo una urani kidogo. Urani hubadilika polepole, kizazi baada ya kizazi, mpaka ikazaa gesi iitwayo radoni. Gesi haikai ardhini. Hutoka kwenye nyufa kama pumzi, ikapanda hewani. Haiishi sana: kila siku 3.8 nusu yake huisha. Mjukuu wake ni risasi, lakini si risasi ya kawaida ya mafundi na wavuvi. Ni risasi 210, ambayo nayo ina mnururisho. Nayo hunasa kwenye vumbi na kushuka na mvua.

Hapa mtu wa Pwani ana la kufaidi, kwa sababu anajua pepo. Bahari hutoa radoni kidogo sana ukilinganisha na nchi kavu. Kwa hiyo hewa iliyopita siku nyingi juu ya maji, kama ya kusi inayotoka bahari kuu, huwa imepoteza radoni yake. Hewa iliyopita juu ya nchi kavu hubeba zaidi. Na hewa iliyoshuka kutoka juu sana huwa na berili 7 nyingi. Mtaalamu akipima berili 7 na risasi 210 katika maji ya mvua au theluji, anaweza kusema kitu kuhusu safari ya hewa ile: imetoka juu au chini, baharini au barani. Nahodha wa jahazi alijua upepo kwa kuangalia wingu na kusikiza tanga. Huyu anaujua kwa kuhesabu miale. Elimu ni mbili, swali ni moja.

Saa isiyotiwa ufunguo

Sasa wino huu unakuwaje saa?

Kila kitu chenye mnururisho kina mwendo wake wa kupungua, na hakuna joto, baridi, chumvi wala dua ya mganga itakayoubadilisha. Wataalamu hupima kwa nusu: ni muda gani unapita mpaka nusu ya kitu iwe imeisha. Berili 7 ni siku 53. Risasi 210 ni miaka 22 na kidogo. Kaboni 14 ni miaka 5,730. Klorini 36 ni miaka laki tatu hivi. Berili 10 ni zaidi ya miaka milioni moja.

Tuchukue risasi 210. Tuseme theluji mpya ya juu ina miale 80 kwa kipimo fulani. Ukichimba chini ukakuta 40, tabaka hilo lina umri wa miaka 22. Ukikuta 20, ni miaka 44. Ukikuta 10, ni miaka 66. Ukikuta 5, ni miaka 88. Ukifika hapo, mkono wa saa unaanza kutetemeka, na ikipita miaka mia moja na kitu hakuna kilichobaki cha kuhesabu. Kwa muda mrefu zaidi unahitaji saa nyingine, kama mtu anavyotumia saa ya mkononi kwa dakika na kalenda kwa miezi.

Berili 7 ndiyo saa fupi. Ukiikuta kwenye theluji, au kwenye tope la mdomo wa mto, unajua kitu hicho kilishuka kutoka angani ndani ya miezi michache iliyopita. Risasi 210 ni saa ya babu na mjukuu: inafaa kwa miaka mia. Kaboni 14 ni saa ya mababu, inafika hadi miaka 50,000 hivi, lakini inahitaji kitu kilichowahi kuwa hai, kama jani, mkaa au ganda.

Saa hizi zina udhaifu mmoja, nao ni muhimu kwa habari ya Kilimanjaro. Hesabu ya risasi 210 inaanzia juu. Inadhani tabaka la juu ni la mwaka huu. Kama kurasa za juu zimeyeyuka, hesabu yote inahama. Ndiyo maana wataalamu hutafuta msumari wa kuangikia hesabu, yaani tabaka ambalo mwaka wake unajulikana bila shaka.

Msumari huo waliupigilia binadamu wenyewe, bila kukusudia. Tarehe 1 Novemba 1952, katika kisiwa cha Enewetak, Marekani ililipua bomu la kwanza kubwa la haidrojeni, katika majaribio yaliyopewa jina la Ivy. Mlipuko ulirusha nyutroni nyingi, zikagonga klorini iliyo katika chumvi ya bahari na kuigeuza klorini 36. Wingu likapanda juu sana, pepo zikalisambaza dunia nzima, na mvua na theluji zikalishusha kila mahali: Greenland, Himalaya, Andes, na Kilimanjaro. Majaribio mengine yakafuata, ya Marekani, Urusi ya Kisovieti na Uingereza, mpaka mataifa hayo matatu yalipotia saini mwaka 1963 mkataba wa kuacha kulipua hewani. Ukitaka kukumbuka mwaka huo ni rahisi: ni mwaka wa Uhuru wa Kenya.

Ni jambo la kusikitisha na la ajabu kwa pamoja. Watu wa visiwa vya Marshall walihamishwa makwao, na maradhi na mashamba yaliyoharibika ni habari ndefu ambayo haikuisha hadi leo. Lakini vumbi la maangamizi yao limekuwa tarehe ambayo dunia nzima inaisoma.

Kileleni kulisomwa nini

Turudi mlimani. Kwa msumari wa 1952 na alama nyingine, kundi la Thompson lilichapisha mwaka 2002 kwamba barafu ya chini kabisa Kilimanjaro ina umri wa miaka 11,700 hivi. Walisema nguzo zile zinaonyesha nyakati tatu za mabadiliko makali ya hali ya hewa: miaka 8,300, 5,200 na 4,000 hivi iliyopita. Wakati wa mwisho kati ya hizo ni ukame mkubwa, ambao katika nguzo mojawapo umeacha mstari wa vumbi unaoonekana kwa macho. Jangwa lilipanda mlima likaandika jina lake.

Lakini msomaji asichukue kila tarehe kama aya. Msumari wa 1952 ni madhubuti. Umri wa barafu ya chini haukupatikana kwa saa ya mnururisho moja kwa moja. Walilinganisha mabadiliko ya oksijeni katika barafu na kumbukumbu nyingine iliyokwisha kupewa tarehe mbali na hapa. Wataalamu wengine, kina Georg Kaser wa Austria, waliandika mwaka 2010 kuwa huenda barafu ya kileleni imewahi kupotea na kurudi zaidi ya mara moja, na hivyo si lazima iwe na umri mkubwa hivyo. Mjadala huu ungemalizwa na barafu yenyewe, kwa vipimo vipya. Na barafu inapungua.

Inapungua kiasi gani? Mwaka 1912, wakati ramani nzuri ya kwanza ilipochorwa, barafu ya Kilimanjaro ilifunika kilomita za mraba 12 hivi. Mwaka 2000 zilibaki kama 2.6. Kufikia 2007, asilimia 85 ya barafu ya 1912 ilikuwa imeondoka. Kati ya 2000 na 2007 barafu ya upande wa kaskazini ilipungua unene kwa mita 1.9, na ya kusini mita 5.1. Katika nguzo mojawapo iliyotolewa mwaka 2000, sentimita 65 za juu zilionyesha dalili za kuyeyuka na kuganda tena, dalili ambazo hazikuonekana chini zaidi.

Sababu nazo zina mjadala wa heshima. Wako wanaotilia mkazo joto la dunia linalopanda. Wako wanaosema ukavu wa hewa uliokuja tangu mwisho wa karne ya 19 ulipunguza theluji mpya, na jua likawa linaigeuza barafu kuwa mvuke bila kuwa maji kwanza. Mambo haya mawili hayapingani, kwa sababu joto la bahari yetu ya Hindi ndilo linaloamua mvua ya bara. Mlima Kenya nao uko vivyo hivyo: barafu ya Lewis, iliyopimwa kwa muda mrefu kuliko nyingine yoyote hapa Afrika, ilipoteza asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010.

Thompson alitabiri kuwa Kilimanjaro ingekuwa bila barafu kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita na vipande vingali viko. Wenye kupenda kubeza watasema utabiri ulikuwa uongo. Lakini mgonjwa aliyepewa mwezi akaishi miwili hajapona.

Daftari la pili liko chini ya maji yetu

Sisi tuna daftari letu. Haliko mlimani. Liko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi na ile ya Watamu, zote zilizotangazwa mwaka 1968.

Matumbawe makubwa ya mviringo, yale ambayo mabaharia wa vioo huwaonyesha wageni, hukua kama sentimita moja na kitu kwa mwaka, yakiacha pete kama za mti. Mwaka 2000 Julia Cole na wenzake walichapisha habari ya tumbawe la Malindi lenye kumbukumbu ya joto la bahari tangu 1801 hadi 1994. Miaka 194, kwa pete, bila kukosa mwaka. Walipozisoma waliona kuwa joto la maji yetu limekuwa likicheza ngoma ya Pasifiki kwa karne mbili: El Niño ya kule husikika hapa.

Tumbawe la Watamu lilitumika kwa saa ya kaboni 14. Yale majaribio ya mabomu yaliongeza kaboni 14 hewani, bahari ikainywa, na matumbawe yakaiweka katika mifupa yao mwaka baada ya mwaka. Kwa kuwa maji ya juu yana kaboni 14 mpya na maji yaliyopanda kutoka kina yana ya zamani, watafiti walitumia pete za Watamu kufuatilia maji ya bahari ya Hindi yanavyosafiri kati ya kaskazini na kusini ya ikweta. Kwa maneno ya mvuvi: maji ya leo ni ya wapi.

Na liko tumbawe lililoeleza jambo linalotugusa mfukoni. Dominik Fleitmann na wenzake walichapisha mwaka 2007 kumbukumbu ya miaka 300 hivi ya madini ya bariamu katika matumbawe ya Malindi. Bariamu si kitu cha mnururisho. Huja na udongo wa mto. Walichokiona ni kwamba kwa muda mrefu Sabaki ilileta udongo kidogo, kisha tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20, walowezi wa Kiingereza walipofyeka misitu na kulima bara, udongo ukaongezeka, na ukazidi tena katika miongo ya mwisho ya karne hiyo. Kila anayelalamika kuwa bahari ya Malindi inakuwa nyekundu wakati wa mvua, na kuwa maji yamekimbia mbali na ufuo, ana shahidi. Shamba la Machakosi liko katika ghuba yetu.

Hapa ndipo risasi 210 ingeweza kutufaa. Njia ile ile ya kusoma theluji inasoma tope. Ukichukua nguzo ya tope katika mikoko ya hori ya Mida au mdomo wa Sabaki, ukapima risasi 210 iliyoshuka na mvua baada ya kutoa ile inayozaliwa ndani ya tope lenyewe, unaweza kujua tope linajaa kwa kasi gani: milimita ngapi kwa mwaka, na kama kasi imeongezeka tangu babu zetu. Kwa mtu anayepanda mikoko, au anayeuliza kama bandari ya mashua itakuwa na maji miaka 30 ijayo, hiyo si elimu ya anasa.

Neno linalotutisha

Nimeandika haya sasa kwa sababu. Tangu Uyombo, karibu na Watamu, itajwe kuwa mahali palipopendekezwa kujengwa kinu cha umeme wa nyuklia, neno mnururisho limekuwa la kutishana. Mwaka 2024 wananchi waliandamana, na wengine wakakabiliwa na polisi. Wanaopinga wana haki ya kuuliza kuhusu samaki, matumbawe, msitu wa Arabuko Sokoke na makaburi ya wazee wao. Wanaounga mkono wana haki ya kuuliza kuhusu umeme na ajira. Sina nia ya kumaliza kesi hiyo hapa. Nina neno moja tu: mjadala wowote usiokuwa na vipimo utakuwa wa kelele.

Fikiria yafuatayo. Lita moja ya maji ya bahari ina mnururisho wa asili wa bekereli 12 hivi, kwa sababu ya potasiamu. Bekereli moja ni atomi moja inayovunjika kila sekunde. Ndizi moja ina kama 15. Mwili wa mtu mzima una kama 4,000 za potasiamu hiyo hiyo, na mtu anatembea, anasali, anazaa. Matumbawe yana urani kidogo, na kwa hiyo hata nyumba ya mawe ya matumbawe inayo. Kule Kwale, kilima cha Mrima kina madini ya thoriamu katika udongo wake, na vipimo vyake viko juu kuliko kwetu.

Sisemi kuwa cha asili hakidhuru. Hapana. Radoni ikijikusanya katika nyumba iliyofungwa huharibu mapafu; Shirika la Afya Duniani linaitaja kuwa miongoni mwa sababu kubwa za saratani ya mapafu baada ya sigara. Nyumba zetu zenye madirisha wazi na upepo wa bahari zina nafuu. Ninachosema ni kwamba swali si kama mnururisho upo. Upo. Swali ni kiasi gani, wa kitu gani, na kabla au baada ya nini.

Neno hilo la kabla ndilo lenye uzito. Tope la Mida lina risasi 210 kutoka mbinguni, na laweza kuwa na sesiamu 137 iliyobaki kutoka mabomu ya miaka ya 1950 na 1960. Kama halikupimwa sasa, na siku moja kinu kikajengwa, hapa au mahali pengine kwenye pwani hii, kisha mtu akapima akakuta sesiamu, nani atajua ni ya Enewetak au ya jirani? Mwenye kinu atasema ilikuwako. Mvuvi atasema imeletwa. Wote wawili watakuwa hawana daftari. Na kama kinu hakitajengwa kamwe, vipimo vile vitatufaa kujua habari ya tope na mto.

Kwa hiyo mikutano ya baraza ikiitishwa, yako mambo matatu ya kudai, awe mtu anaunga mkono au anapinga.

La kwanza, vipimo vya tope, maji, samaki na chaza kuanzia mdomo wa Sabaki hadi hori ya Kilifi, vifanywe na watu wasio na maslahi katika kinu. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, na taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, iko Mombasa. Elimu iko karibu.

La pili, matokeo yatolewe kwa Kiswahili, kwa namba, yabandikwe mahali pa kuuzia samaki na katika zahanati, si katika kitabu kinene cha Kiingereza kinachofungwa ofisini Nairobi.

La tatu, visima navyo viangaliwe. Ipo haidrojeni nzito iitwayo tritiamu, nusu yake huisha kwa miaka 12 hivi, nayo huanguka na mvua. Maji ya kisima yasiyo nayo kabisa ni maji ya zamani, yaliyoingia ardhini kabla ya mabomu. Kisima cha namna hiyo ni akiba ya babu, hakijazwi na mvua ya juzi. Kukivuta kwa pampu ya hoteli usiku na mchana ni kula mtaji, na nyuma yake maji ya chumvi yanasubiri kuingia.

Alama ya 1952 katika tabaka lile la Kilimanjaro hairudi. Theluji itakayoanguka mwaka huu haitakuwa na klorini ya Enewetak, na hakuna mtu mwenye akili anayetaka bomu jingine ili tupate tarehe. Nguzo zilizotolewa mwaka 2000 zimehifadhiwa katika majokofu Ohio, na kurasa zile sasa zinasomwa huko. Matumbawe ya Malindi na tope la Mida bado viko hapa hapa. Kulisoma daftari lake kabla halijalowa ni haki ya mwenye nyumba. Na mwenye nyumba akikaa kimya, mgeni atalisoma, naye atamwambia yale anayotaka ayasikie.